Safari ya familia kwa treni Ulaya: Pasi si kitanda

FAMILIA inayokusudia kuzuru Ulaya kwa treni aghalabu hutanguliza ununuzi wa tiketi na kuliacha suala la malazi kuwa la baadaye. Matokeo yake ni wazazi kujikuta stesheni saa nne za usiku, watoto wakisinzia juu ya masanduku, ilhali vitanda vyote vya treni wanayoisubiri vimekwisha kuchukuliwa.

Kiini cha masaibu hayo ni jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui. Katika reli za Ulaya, ruhusa ya kusafiri na nafasi ya kuketi au kulala ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi hulipiwa kando.

Mfano bora ni pasi ya Eurail, ambayo huuziwa wanaoishi nje ya Ulaya na hutumika katika mataifa 33. Wakazi wa Ulaya, wakiwemo Wakenya wanaofanya kazi au kusoma huko, hutumia Interrail. Katika pasi zote mbili, mtu mzima mmoja anaweza kuandamana na watoto wawili wa umri wa miaka 4 hadi 11 bila kuwalipia pasi. Aliye chini ya miaka 4 hahitaji pasi kabisa, na kijana wa miaka 12 hadi 27 hulipa bei nafuu.

Hata hivyo, pasi hiyo haimpi mtu kitanda. Vitanda katika treni za usiku huhifadhiwa mapema na kulipiwa. Vivyo hivyo, treni za kasi za TGV nchini Ufaransa, AVE nchini Uhispania, Frecciarossa nchini Italia na Eurostar zinazopita chini ya bahari hadi London hudai kila abiria ahifadhi kiti. Hata mtoto anayesafiri kwa pasi ya bure hulipiwa ada ya kiti.

Mambo ni tofauti Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako treni nyingi za mchana hupandwa bila kuhifadhi kiti. Lakini msimu wa likizo, familia isiyohifadhi viti yaweza kutawanyika katika mabehewa matatu.

Kabla ya kununua pasi, yafaa kupiga hesabu. Nchini Ujerumani, kwa mathalani, mtoto wa chini ya miaka 6 hasafiri kwa tiketi. Uswisi nayo huwaruhusu watoto wa chini ya miaka 16 kusafiri bure pamoja na mzazi aliye na pasi ya nchi hiyo, mradi wawe na kadi ya familia. Iwapo safari ni mbili au tatu tu, tiketi za kawaida zilizonunuliwa mapema huenda zikawa nafuu kuliko pasi.

USIKU AU MCHANA?

Treni ya usiku ina faida iliyo wazi: familia huokoa gharama ya hoteli ya usiku mmoja na kuamka ikiwa katika mji mwingine. Faida hiyo hutoweka iwapo watoto hawatapata usingizi.

Nafasi ni za aina tatu. Ya kwanza ni kiti, ambacho ni rahisi lakini hakiwafai watoto usiku kucha. Ya pili ni chumba cha vitanda vyembamba vya kukunjwa, vinne au sita, ambamo abiria hupewa shuka na mto na huweza kuchanganywa na watu wasiowajua. Ya tatu ni chumba cha kulala cha kitanda kimoja hadi vitatu, chenye beseni la kunawia, na hiki ndicho cha bei ya juu.

Kwa wazazi wawili na watoto wawili, chaguo la busara ni kuchukua chumba kizima cha vitanda vinne. Mlango hufungwa kwa ndani, taa huzimwa wakati mama na baba wanapotaka, na mtoto akilia hakuna mgeni anayekereka.

Mtandao mkubwa zaidi wa treni hizo ni Nightjet, wa shirika la reli la Austria, ÖBB. Ulianzishwa Desemba 2016, wakati shirika la Ujerumani, Deutsche Bahn, lilipoacha biashara ya mabehewa ya kulala. Huduma zake ni pamoja na Vienna hadi Hamburg, Zurich hadi Vienna na Amsterdam hadi Vienna. Safari hizi zinafaa familia kwa kuwa treni huondoka jioni au usiku na kufika asubuhi.

Msafiri ajihadhari na maelezo ya zamani, maadamu ratiba za Ulaya hubadilishwa kila Desemba. Mnamo Desemba 2025, Nightjet iliacha safari za Paris hadi Vienna na Paris hadi Berlin, ilhali zilikuwa zimezinduliwa kwa shangwe mwaka wa 2021 na 2023.

Zipo safari ambazo ni hasara kuzilalia. Treni ya Zurich hadi Milan hupita katika handaki la Gotthard lenye urefu wa kilomita 57, lililofunguliwa mwaka wa 2016 na ambalo ndilo refu zaidi la reli duniani. Reli ya Bernina, kutoka St. Moritz hadi Tirano, hupanda hadi mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, na treni zake za kawaida hupita njia ile ile ya zile za watalii bila kudai kuhifadhi kiti.

Aidha, baadhi ya treni za mchana zina sehemu za watoto. Treni za ghorofa za Uswisi za masafa marefu huwa na behewa lenye uwanja mdogo wa kuchezea, na Railjet za Austria huonyesha filamu za watoto katika eneo la familia.

KUBADILISHA TRENI

Hatari kubwa kwa familia ni kubadilisha treni kwa haraka. Dakika nane zinazomtosha kijana mwenye begi moja hazimtoshi mzazi mwenye kigari cha mtoto na masanduku mawili. Isitoshe, mwaka wa 2024 zaidi ya thuluthi moja ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilichelewa.

Kwa hivyo, yafaa kuacha angalau saa moja kabla ya kupanda treni ya usiku, kwani inayofuata huenda ikawa ya kesho yake.

Kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2023, treni ikichelewa kufika kwa dakika 60 hadi 119 abiria hustahili fidia ya asilimia 25 ya nauli, na asilimia 50 ikichelewa kwa dakika 120 au zaidi, isipokuwa kwa sababu maalumu kama vile hali mbaya mno ya anga. Lakini anayenunua tiketi mbili mbalimbali kwa safari moja huenda akakosa kinga hiyo treni ya kwanza inapomfanya aikose ya pili. Tiketi moja ya safari nzima ni bora.

VIZA KWANZA

Mkenya huhitaji viza ya Schengen, inayotumika katika mataifa 29. Tangu Juni 2024 ada yake ni Yuro 90 kwa mtu mzima na Yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na huwasilishwa kwa ubalozi wa nchi ambamo familia itakaa siku nyingi zaidi. Bima ya matibabu ya Yuro 30,000 ni lazima.

Uingereza ina viza yake. Familia inayotoka Paris kwenda London kisha kurejea Ulaya bara huhitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja.

Hapa ndipo penye mtihani. Tiketi za bei nafuu huwahi kuisha, ilhali viza yaweza kukataliwa. Hadi viza ipatikane, ni salama kuchukua tiketi ambazo pesa zake hurudishwa, hata kama bei yake ni ya juu kidogo.

Usiku wa safari, jambo la kwanza ni nambari ya behewa. Baadhi ya treni za usiku hugawanywa njiani, mabehewa mengine yakielekea mji huu na mengine mji ule. Mzazi mmoja atangulie kupanda, mwingine abaki nyuma ya watoto, na mzigo uwe wa kubebwa kwa mara moja. Chakula na maji yanunuliwe mapema, kwa kuwa si treni zote zenye mkahawa. Pasipoti zikae karibu, kwani polisi wa mipakani wakati mwingine huingia usiku kuzikagua.