PAA LA NYUMBA: KUTOKA NYASI HADI MABATI, NA HAKI YA JIRANI



Ndugu wazazi, baada ya kumshukuru Mola wetu, leo tunaleta mada inayoigusa kila familia hapa Kirewa, nayo ni paa la nyumba. Vijana wanaotaka kuoa na kujenga hutuuliza mara kwa mara: tuezeke kwa nyasi au kwa bati? Bati la namna gani? Na vigae je? Swali hili ni la fedha, lakini jibu lake linahitaji historia kidogo. Kila aina ya paa ilitufikia na faida yake na gharama yake. Tukijua ilivyotufikia, tutajua pia kitu gani tulikiacha njiani.

1. PAA LA NYASI

Mababu wa Jopadhola walijenga nyumba ya duara, "ot" kwa Kidhopadhola. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, na juu yake fito zilizofungwa kwa kamba, kisha nyasi ndefu zilizopangwa kuanzia chini kwenda juu ili maji yateremke bila kuingia. Paa hilo lilikuwa na mteremko mkali, na hiyo ndiyo siri yake. Maji yakikaa juu ya nyasi, nyasi huoza.

Tusiidharau nyumba hii. Mchana wa jua kali ndani ni baridi, na mvua ikinyesha mtoto halali kwa hofu ya kelele. Moshi wa jiko uliokuwa ukipanda juu ulikuwa ukifukuza wadudu na kuyahifadhi mapao. Familia zilipohamisha jiko nje, ambalo ni jambo jema kwa macho na mapafu ya mama zetu, paa la nyasi lilipoteza mlinzi wake.

Lakini nyasi zina maadui watatu: kuoza, mchwa na moto. Waganda waliujua moto huo vizuri. Kanisa kuu la Namirembe, Kampala, likiwa na paa la nyasi, lilipigwa na radi na kuungua mwaka 1910. Jengo lililofuata, lililokamilika mwaka 1919, liliezekwa kwa vigae. Na usiku wa tarehe 16 Machi 2010, makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yaliteketea. Jengo lile lilijengwa mwaka 1882 kama kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza, yule aliyefunga Ramadhani na kueneza Uislamu katika ufalme wake kwa miaka kadhaa kabla wamisionari hawajaingia. Ukarabati ulichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 ndipo UNESCO ilipoliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

2. PWANI WALIEZEKA NINI?

Wako wanaodhani kwamba nyasi na majani ni alama ya ushamba, na kwamba Waislamu wa pwani tangu zamani waliishi katika mawe tu. Historia haisemi hivyo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji ule kwa uzuri, na papo hapo akaeleza kwamba majumba yake yalikuwa ya miti na mapaa yake ya matete. Wakati huohuo Kilwa ilikuwa na msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe, wenye kuba. Aina mbili za paa zilikaa katika mji mmoja, na watu wake walikuwa umma mmoja.

Katika miji kama Lamu, nyumba ya mawe ilikuwa na dari bapa ya mawe na chokaa iliyobebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa, kama mita tatu hivi tu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu lakini vyembamba. Basi paa ndilo lililoamua upana wa chumba. Fundi mzuri mpaka leo huanza na swali la paa kabla hajachimba msingi.

Na tukirudi nyuma zaidi, msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina uliezekwa kwa makuti ya mitende juu ya magogo ya mitende. Imepokewa katika hadithi sahihi kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, na asubuhi Maswahaba wakaona alama ya maji na tope katika paji la uso wa Mtume (s.a.w.). Baadaye Sayyidna Uthman (r.a.) aliujenga upya msikiti ule kwa mawe, akauezeka kwa mbao za msaji. Kwa hiyo paa la makuti halikumshushia mtu heshima yake, na paa bora halikuhesabiwa kuwa ni israfu pale lilipohitajika.

3. BATI LINAINGIA

Bati tunaloliona leo kila mahali lina umri wa karibu miaka 200 tu. Mwaka 1829 mhandisi wa bandari ya London, Henry Robinson Palmer, alipata hati miliki ya bati lenye migongo. Hiyo migongo si urembo. Chuma chembamba kikikunjwa hivyo hupata nguvu, na hivyo paa halihitaji miti mingi chini yake. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati miliki ya kukipaka chuma zinki ili kisipate kutu. Mambo hayo mawili yalipokutana, bati likaenea duniani kote.

Kwetu lilikuja kwa wingi na reli. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na Kisumu wakati ule ilihesabiwa kuwa ni Uganda, kwani ni mwaka 1902 tu mpaka uliposogezwa na sehemu ile ikatiwa upande wa Kenya. Baadaye njia nyingine ilipita Eldoret na Tororo, na ikafika Kampala mwaka 1931. Palipofika reli palifika duka, na dukani palikuwa na mabati.

Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilianza kuhesabu mapaa. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na kodi za namna hiyo zikaenea sehemu nyingine. Watu wakajibana katika nyumba chache ili kupunguza kodi. Kisha ikaja pamba, ambayo mbegu zake ziliingizwa Uganda mwaka 1903, nayo ikaleta fedha mkononi. Mwenye fedha akalipa kodi, na zilizobaki akanunua bati. Hapo ndipo paa la bati lilipoanza kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa.

Karibu na wakati wa uhuru viwanda vikaja karibu. Mabati Rolling Mills ilianzishwa Kenya mwaka 1962, na Uganda Baati mwaka 1964. Bati halikuwa tena mzigo wa kutoka Ulaya.

4. FAIDA NA HASARA

Sasa tuzipime aina hizi kwa mizani ya haki.

Bati halishiki moto kama nyasi, halioti mchwa, na hudumu miaka mingi likiwa zuri. Tena linatupa maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48, basi mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 960. Hata tukitoa ya kupotea, si chini ya madumu 40 ya lita 20. Hayo ni madumu 40 ambayo binti yako hakuyabeba kichwani.

Tena lipo suala la malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifanywa katika sehemu tatu za Uganda, na mojawapo ni Nagongera, majirani zetu. Ulionyesha kwamba nyumba za kisasa, zenye paa la bati au vigae, kuta imara, na uwazi wa juu ya ukuta uliozibwa, zilikuwa na mbu wachache na maambukizi machache. Zingatieni hilo la kuziba uwazi. Bati peke yake, huku juu ya ukuta pameachwa wazi, halimzuii mbu.

Upande wa hasara, bati ni tanuri wakati wa adhuhuri na ni ngoma wakati wa mvua. Mwalimu akisomesha chini ya bati lisilo na dari, mvua ikija darasa limekwisha. Dawa yake ni dari, hata ya mikeka, na madirisha yanayotazamana. Tena mnunuzi ajue kwamba namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi. Geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Bati la bei rahisi upepo hulikunja.

Na asidhani mtu kwamba paa la bati au la nyasi humkinga na radi. Mwezi Novemba 2024, radi iliua watu 14 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, wakiwa katika ibada. Jengo linalokusanya watu, kama msikiti na madrasa, lahitaji waya maalumu wa kuipeleka radi ardhini.

Vigae vya udongo, kama vinavyotengenezwa Kajjansi tangu miaka ya 1950, ni baridi na vina sura nzuri. Lakini uzito wake ni mara kumi ya bati au zaidi. Usiviweke juu ya ukuta dhaifu wala mapao membamba.

Kuhusu asbesto, tunasema waziwazi. Baada ya saruji kuanza kutengenezwa Tororo miaka ya 1950, mapaa ya saruji na asbesto yalitengenezwa pia mjini humo, na yalisifiwa kwa kutokelele na kutopata kutu. Leo inajulikana kwamba vumbi la asbesto huleta saratani. Mwenye paa hilo la zamani asilikate, asilitoboe, asilivunje, wala asiwaachie watoto vipande vyake. Atafute wataalamu waliondoe.

5. TULICHOKIACHA NJIANI

Nyasi hazikuuzwa dukani. Zilikatwa porini, na kazi ya kuezeka ilikuwa ya majirani. Mwenye nyumba alipika, wanaume wakapanda juu, wanawake na vijana wakaleta matita. Mjane naye aliezekewa, kwa sababu alichohitaji ni mikono ya watu, na mikono ilikuwapo.

Bati lilipokuja, paa likawa jambo la mfuko wa mtu. Mwenye mfuko aliezeka, asiye nao akabaki na nyasi. Mapori nayo yakalimwa, nyasi nzuri zikawa adimu, na vijana wanaojua kuezeka wakapungua. Basi mjane wa leo amekosa bati, amekosa nyasi, na amekosa waezekaji. Hilo silo kosa la bati. Ni sisi tuliodhani kwamba paa likinunuliwa, ujirani hauhitajiki tena.

Dada zetu wa Kenya ya kati walilitatua jambo hili zamani. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanawake wa vijijini waliunda vikundi vilivyojulikana kwa jina la mabati. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka fedha pamoja, wakanunua mabati na kuwaezekea wanachama mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu ikamfikia kila mmoja. Wengine wakaendelea hadi kununua matangi ya maji. Walichukua ule msaada wa zamani wa nyasi wakauweka katika bati.

Ndugu wazazi, familia 20 zikitoa bei ya bati moja kila mwezi, kila mwezi kuna mabati 20. Tunapendekeza nyumba za kwanza ziwe za wajane na wenye mayatima, Waislamu na wasio Waislamu, kwani haki ya jirani haiulizi dini. Mafundi wetu wajitolee siku moja, na vijana wa madrasa wabebe mapao. Tuanze kabla ya mvua za Machi.

Ama kijana aliyeuliza aezeke kwa nini, jibu letu ni hili: ezeka kwa bati nene kadiri ya uwezo wako, ziba uwazi wa juu ya ukuta, weka mfereji na pipa, na tia dari utakapoweza. Kisha, kabla hujashuka juu ya ngazi, tazama nyumba ya jirani yako ina hali gani.