Kibislama Nchini Vanuatu: Lugha ya Taifa Isiyo Lugha ya Darasani

Katiba ya Vanuatu, iliyoanza kutumika siku ya uhuru, tarehe 30 Julai 1980, inakitambua Kibislama kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi tatu, pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Hata hivyo, ibara hiyohiyo inataja Kiingereza na Kifaransa pekee kuwa lugha kuu za elimu. Makala hii inajadili chimbuko la mkanganyiko huo. Hoja yake ni kwamba Kibislama kilinyimwa nafasi shuleni kwa sababu kilihesabiwa kuwa Kiingereza kilichoharibika, dhana ambayo historia na sarufi ya lugha hiyo haziiungi mkono.

Jina la lugha linatokana na jongoo bahari, bidhaa iliyovuliwa katika Pasifiki kwa ajili ya soko la China. Biashara hiyo, pamoja na ile ya msandali iliyoanza baada ya mti huo kugunduliwa kisiwani Erromango mwaka 1825, iliwakutanisha mabaharia na wenyeji waliokuwa na lugha zaidi ya mia moja. Kati ya 1863 na 1904, mikataba takriban 62,000 ya vibarua wa Melanesia ilifungwa kwa ajili ya Queensland, hasa katika mashamba ya miwa, na wengi wa vibarua hao walitoka New Hebrides, kama Vanuatu ilivyoitwa wakati huo. Huko, pijini ilikuwa lugha ya mawasiliano baina ya Wamelanesia wenyewe. Waliorejea makwao waliieneza visiwani.

Msamiati wa lugha hii kwa sehemu kubwa ni wa Kiingereza, lakini mpangilio wake una sura ya Kiosiania. Viwakilishi nafsi vinadhihirisha jambo hilo. Pale Kiswahili kinaposema "sisi" tu, Kibislama hutofautisha *yumi*, yaani sisi pamoja nawe msikilizaji, na *mifala*, yaani sisi bila wewe. Idadi ya watu wawili au watatu huonyeshwa pia: *yumitu*, *yumitrifala*, *mitufala*, *mitrifala*. Kiingereza hakina mfumo huo, ilhali lugha za Vanuatu zinao. Vilevile, kitenzi elekezi hupata kiambishi tamati: *mi rid* ni "ninasoma", na *mi ridim buk* ni "ninasoma kitabu". Kiarifu nacho hutanguliwa na alama: *man i kam*, *ol man oli kam*. Keesing (1988) aliuhusisha mfumo wa aina hii na lugha za Kiosiania. Crowley (1990) hakuridhika na chanzo kimoja. Pamoja na tofauti hiyo, wote wawili waliuchukulia kuwa mfumo wenye kanuni.

Utawala wa pamoja wa Uingereza na Ufaransa, ulioanza mwaka 1906, uliacha mifumo miwili ya shule isiyopatana. Wasomi wa upande mmoja hawakuelewana na wa upande mwingine isipokuwa kwa Kibislama. Chama cha kitaifa kilichoundwa mwaka 1971, ambacho baadaye kiliongozwa na Walter Lini, kilikitumia katika mikutano ya hadhara. Kwa hiyo, lugha ya vibarua ikawa lugha ya kudai uhuru, na kiwakilishi kinachomjumuisha msikilizaji kikaupa wimbo wa taifa jina lake: "Yumi, Yumi, Yumi".

Katiba iliyofuata ilihifadhi umoja huo bungeni na redioni, lakini iliacha mgawanyiko wa kikoloni uendelee darasani. Mageuzi ya miaka ya 2010 yameruhusu Kibislama na lugha za kienyeji katika madarasa ya mwanzo, ingawa mtoto bado huhamishiwa Kiingereza au Kifaransa baadaye. Hivyo, kukifundisha Kibislama kwa sarufi yake hakuhitaji kutungiwa hadhi mpya. Kunahitaji shule zikubali hadhi ambayo taifa lilikwishaitambua mwaka 1980.