Kazi ya Waalimu Siku ya Kutunuku Shahada

Wazee wa Shinyanga na Geita waliokwenda Dar es Salaam kuona mtoto wao akitunukiwa shahada huuliza: Mbona waalimu waliomfundisha wamekaa kimya, na shahada yatolewa na mkubwa asiyemfundisha hata siku moja?

Swali hili ni la kale. Huko Paris zamani waalimu wa chuo walikuwa watu wa kanisa, ndiyo asili ya majoho yale mazito (katika joto la pwani ni adhabu!). Lakini idhini ya kufundisha ilitolewa na mtunza muhuri wa kanisa kuu, aliyeitwa chansela. Wakagombana sana. Mwaka 1231 Papa Gregori wa Tisa akaamuru chansela asimpe mtu idhini kabla ya kuwauliza waalimu habari zake.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Naye, ingawa alikuwa Rais, hakutunuku kwa hiari yake tu. Mkuu wa kitivo husimama kwanza, akawaleta wahitimu wake mbele ya watu wote. Ndipo Mkuu wa Chuo hutamka neno la kutunuku. Wale wakaao kimya wamekwisha kusema, walipokuwa wakisahihisha mitihani.