Umri wa Mbu: Muheza, London na Hesabu ya Malaria

Mbu hazaliwi na malaria. Mbu jike wa Anofelesi huibuka kwenye dimbwi akiwa safi, na ili amwambukize mtu ni lazima kwanza amnyonye mgonjwa, kisha aishi siku zipatazo kumi au kumi na mbili, mpaka vimelea vikomae tumboni mwake na kufika kwenye tezi za mate. Wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Anayeua watoto, basi, ni mbu mzee, na wazee ni wachache katika kundi lolote la mbu. Jambo hili dogo limebeba zaidi ya miaka mia moja ya jitihada za kuiga maradhi kwa tarakimu, kwanza kwa kalamu na karatasi, baadaye kwa kompyuta. Historia ya jitihada hizo husimuliwa kama historia ya wataalamu wa Uingereza na Uswisi waliokaa mezani wakaandika milinganyo. Masimulizi hayo yameacha nusu ya habari. Modeli ya malaria ilisogezwa mbele na yale yaliyoonekana Afrika, huko Muheza, Taveta, Garki na Namawala, na mara nyingi ilifaa zaidi pale ilipokosea kuliko pale ilipopatia.

Ilianzia katika ubishi. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza nchini India, alionyesha mwaka 1897 huko Secunderabad kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Ushauri wake ulikuwa rahisi kuutamka: punguzeni mbu. Wapinzani wake waliuliza swali zito. Nani atawamaliza mbu wote wa nchi? Na kama hawatamalizika, gharama ni ya nini? Kambi ya kijeshi ya Mian Mir, karibu na Lahore, ilifanyiwa majaribio kuanzia mwaka 1901. Mitaro ikafukiwa na mazalia yakaondolewa, lakini madaktari waliosimamia kazi hiyo wakatangaza kwamba haikufaa kitu. Ross hakukubali. Alipotumwa Mauritius kushauri kuhusu malaria ya kisiwa hicho, ripoti yake ya mwaka 1908 ilibeba hesabu, na toleo la pili la kitabu chake, lililotoka mwaka 1911, likazipanua kuwa milinganyo kamili. Hoja ilikuwa hivi: kila mgonjwa huambukiza mbu kadhaa, na wachache kati yao huishi hadi kuambukiza watu wengine. Ikiwa kwa wastani mgonjwa mmoja huzaa wagonjwa zaidi ya mmoja, maradhi husambaa. Akizaa pungufu ya mmoja, maradhi hufifia yenyewe hata kama mbu bado wanavuma masikioni. Kuna kizingiti. Hakuna haja ya kumuua mbu wa mwisho.

Leo wazo hilo linaonekana la kawaida, ila wakati ule lilikuwa geni kabisa, na halikuwezekana kufikiwa kwa macho matupu. Hapo ndipo ilipo faida ya kwanza ya modeli: inaweza kupinga kile ambacho akili ya kawaida inakiona wazi. Hata hivyo Ross alikuwa na kizingiti kwenye karatasi tu. Ili kujua kizingiti cha kijiji fulani alihitaji kujua mbu huuma mara ngapi, huuma watu au ng'ombe, na huishi siku ngapi. Tarakimu hizo hakuwa nazo, akakadiria.

Aliyeichukua hesabu hiyo na kuipa meno ni George Macdonald, mkurugenzi wa taasisi ya London iliyobeba jina la Ross, kwa makala alizoanza kuzitoa mwaka 1950 na kitabu cha mwaka 1957. Macdonald aligundua kwamba katika tarakimu zote za Ross, moja inatawala nyingine: uwezekano wa mbu kuiona kesho. Chukua mbu mia moja. Kama tisini katika kila mia huvuka siku moja, baada ya siku kumi na mbili watabaki ishirini na wanane. Punguza uwezekano huo hadi sabini katika kila mia, na baada ya siku zilezile atabaki mmoja, au wawili kwa bahati. Dawa ya ukutani inayomuua mbu anapotua kupumzika baada ya kula haihitaji kupunguza idadi ya mbu kwa kiasi kikubwa. Inatosha iwanyime uzee. Hesabu hii iliingia wakati ambapo DDT, dawa ya kuua wadudu, ilikuwa imeshaonyesha maajabu Italia na Ugiriki, na mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilipoazimia kuitokomeza malaria ulimwenguni, hesabu ya Macdonald ndiyo iliyoeleza kwa nini kupulizia dawa ndani ya nyumba kungeshinda kufukia madimbwi.

Lakini umri wa mbu unajulikanaje? Mbu hana mvi. Jibu lilitafutwa, pamoja na kwingineko, Tanganyika. Kituo cha utafiti wa malaria cha Afrika Mashariki kilianzia Muheza chini ya Donald Bagster Wilson, kisha kikapanda Amani, kwenye milima ya Usambara, penye majengo ya kituo cha kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. George Davidson na C. C. Draper walichapisha mwaka 1953 vipimo walivyovifanya vijijini kuhusu vifo vya mbu na kasi ya maambukizi. Mick Gillies naye alitumia zaidi ya miaka kumi kuwapasua mbu wa pwani ya Tanga chini ya hadubini. Kila mbu anapotaga, mirija ya mayai huacha alama. Anayezijua alama hizo anaweza kutenganisha aliyetaga mara moja na aliyetaga mara nyingi, na kwa njia hiyo kumkadiria umri. Kazi ya namna hii ilianza usiku, ndani ya nyumba za watu, kwa vijana wa vijijini waliokaa miguu wazi wakimnasa mbu kwa kichupa kabla hajauma, au mara nyingine baada ya kuuma. Majina yao hayamo kwenye vichwa vya makala. Tarakimu moja katika mlinganyo, ile inayoandikwa kwa herufi ndogo na kupitwa haraka na msomaji, ilitoka kwenye miguu yao, na yeyote anayesema modeli ilibuniwa Ulaya ikaletwa Afrika awahesabu na hao.

Kisha modeli ikapelekwa kwenye mtihani. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Pare, upande wa Tanganyika, na Taveta, upande wa Kenya, zilipuliziwa dieldrin. Mbu aina ya Anopheles funestus, mpenda nyumba, alitoweka. Maambukizi ya watoto yalishuka sana. Ila hayakukatika, kwa sababu Anopheles gambiae alipungua tu, na upuliziaji uliposimama malaria ilirudi hatua kwa hatua. Garki, kaskazini mwa Nigeria, jaribio lilikuwa kali zaidi: kuanzia mwaka 1969 hadi 1976 Shirika la Afya Duniani na serikali ya Nigeria walipulizia propoxur vijijini na katika baadhi ya vijiji wakawapa watu wote dawa za kumeza kwa mzunguko. Kupulizia peke yake kulipunguza maambukizi kwa kiasi tu, dawa za kumeza zikayashusha zaidi, hakuna palipokatika. Wakati huo mpango wa dunia wa kutokomeza malaria ulikuwa umeshaachwa, mwaka 1969, baada ya kuiacha pembeni sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki tangu mwanzo.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapopata nguvu, nalo linastahili kusikilizwa. Kama modeli iliahidi ushindi na ushindi haukuja, si ilikuwa bora fedha zile zingejenga zahanati? Nadhani pingamizi hili limechanganya modeli na namna ilivyosomwa. Mlinganyo wa Macdonald ulisema wazi masharti yake: kila mbu ana nafasi sawa ya kutua ukutani, kila mbu hufa kwa kasi ileile akiwa kijana au mzee, kila mtu huumwa sawa na mwenzake. Viongozi walichukua hitimisho wakayaacha masharti. Garki ilipoanguka, kwa kuwa masharti yalikuwa yameandikwa, watafiti waliweza kuyakagua moja baada ya jingine. Iligunduliwa kwamba mbu wa Garki hawakuwa sawa: wapo waliozoea kupumzika ndani na wapo waliozoea kupumzika nje, na tofauti hiyo ilikuwa katika kromosomu zao. Yule aliyeitwa Anopheles gambiae alikwisha kuonekana tangu miaka ya 1960, kwa kazi ambayo Davidson yuleyule wa Muheza alishiriki, kuwa ni jamii kadhaa za mbu wanaofanana kwa sura. Takwimu za Gillies nazo, zilipochambuliwa upya, zilionyesha kuwa mbu akizeeka hufa kwa kasi zaidi. Na modeli iliyotungwa kwa ajili ya Garki na Klaus Dietz na wenzake, ikachapishwa mwaka 1974, ililazimika kuingiza kitu ambacho Ross na Macdonald hawakukipa nafasi: kinga ambayo mtu huijenga kwa kuumwa miaka mingi. Daktari aliyeshindwa kwa kufuata hisia hujua kwamba ameshindwa tu. Modeli iliyoshindwa huonyesha penye ufa.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi. Kiumbe hai, wanasema wanaolitoa, hakihesabiki. Na mgonjwa ana mengi kuliko takwimu. Mfano mzuri wa hoja hii uko karibu nasi. Kwa miongo mingi mtoto wa pwani au wa bonde la Kilombero aliyeshikwa na mitukutiko alisemwa ana degedege, na degedege halikuonwa kuwa malaria. Lilikuwa na asili yake, na mara nyingi mganga wake. Mtoto huyo asipofikishwa hospitali, hakuingia kwenye daftari la hospitali, na modeli iliyolishwa madaftari ya hospitali haikumwona kabisa. Hili ni kweli na ni zito. Lakini tiba yake haikuwa kuiacha hesabu. Ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani kazaliwa, nani kafa na kwa dalili gani, kama ilivyofanywa baadaye kwa sensa za kudumu za Ifakara na za Kilifi, Kenya. Hesabu isiyomwona mtoto wa degedege ni hesabu pungufu, na upungufu wake hujulikana na yule anayejua lugha ya mama wa mtoto.

Ifakara, katika bonde hilohilo la Kilombero, ndiko mambo yalikobadilika kwa kishindo. Katika kijiji cha Namawala, watafiti walikadiria mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea kiasi cha mara mia tatu kwa mwaka. Takwimu za huko na za Idete, zikiunganishwa na zile za Garki, zilikuwa msingi wa modeli ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2006 na taasisi ya tropiki ya Basel, ambayo kituo chake Ifakara kilikuwepo tangu miaka ya 1950. Modeli hiyo haikuandika wastani wa kijiji. Ilimfuata kila mtu wa kubuniwa, tangu kuzaliwa, na kila homa yake. Kazi ilikuwa kubwa kiasi kwamba iligawanywa kwa kompyuta za majumbani za watu waliojitolea kupitia intaneti.

Wakati huohuo vyandarua vilikuwa vinabishaniwa. Tanzania ilianza mwaka 2004 kutoa Hati Punguzo ili mjamzito anunue chandarua kwa bei nafuu, kwa kuwa ilionekana busara kumlinda kwanza aliye hatarini. Lakini huko Asembo, magharibi mwa Kenya, ilionekana kwamba hata mtoto asiye na chandarua alipata nafuu kama aliishi ndani ya mita 300 kutoka kwa majirani wenye vyandarua vyenye dawa. Modeli iliyochapishwa na Gerry Killeen na wenzake wa Ifakara mwaka 2007 ilieleza sababu: mbu anayekufa kwenye chandarua cha baba hamfikii mtoto wa nyumba ya pili. Zaidi ya nusu ya watu wakilala ndani ya vyandarua, kijiji kizima kinafaidika, tajiri na maskini. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri vyandarua vigawiwe kwa watu wote, na Tanzania ikafanya kampeni ya ugawaji wa jumla mwaka 2010 na 2011. Modeli haikuwa sababu pekee. Fedha na siasa zilikuwepo. Ila hoja ya kumpa chandarua mzee ili kumwokoa mjukuu isingesimama bila hesabu.

Walikuwepo wenye hofu tofauti, na hofu yao ilitokana na takwimu nzuri, zikiwemo za Kilifi mwaka 1997: mtoto akikingwa mapema, huenda akakosa kinga, na kifo kikaahirishwa tu. Swali hilo halikumalizwa na modeli wala na ubishi. Lilisubiri. Watoto zaidi ya 6,000 waliozaliwa vijijini karibu na Ifakara kati ya mwaka 1998 na 2000 walitafutwa tena mwaka 2019, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022: waliolala mara nyingi ndani ya chandarua utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuufikia utu uzima.

Zanzibar nayo ilifanya tathmini mwaka 2009 kuona kama malaria inaweza kuondolewa visiwani kabisa. Ilikuwa na kumbukumbu chungu ya upuliziaji uliosimamishwa mwaka 1968, malaria ikarudi. Safari hii hesabu iliongezewa kitu ambacho Macdonald asingekiota: mienendo ya simu za mkononi, ili kukadiria Wazanzibari wangapi huvuka kwenda bara na kurudi na vimelea. Jibu lilikuwa kwamba kitaalamu inawezekana, lakini mlango wa feri hauwezi kufungwa, kwa hiyo ulinzi usikome. Na kule Ifakara, swali la Gillies bado liko mezani. Mbu sasa hukaushwa na kumulikwa kwa mwanga wa infraredi, na programu ya kompyuta hufundishwa kusoma katika mwanga huo amezaliwa siku ngapi zilizopita. Ili ijifunze, inahitaji mbu ambao umri wao unajulikana kwa hakika, na hao hufugwa na vijana wa Ifakara, kizimba baada ya kizimba, siku baada ya siku.