Koleo lilitangulia Uluguru

Jino likianza kuuma Mgeta au Kinole, kwenye milima ya Uluguru, safari ya hospitali huja mwisho. Kwanza ni kusukutua maji ya chumvi. Likizidi, mtu anabana karafuu kwenye tundu, na hapo hajabahatisha hata kidogo. Karafuu inalimwa kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, kuanzia Kinole hadi Matombo, na mafuta yake hutia ganzi kweli. Madaktari wa meno wenyewe huyachanganya na unga wa oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Ila maumivu yakitulia, uozo unaendelea na kazi yake.

Siku karafuu inaposhindwa, ndipo mgonjwa anashuka Morogoro mjini, moyoni akijua kinachomsubiri: dawa ya jino ni kung'oa.

Msemo huo una historia. Kuziba jino kwa njia ya kizungu kulitaka mashine ya kuchongea, nayo ilitaka umeme, maji, vipuri kutoka ng'ambo na fundi wa kuitengeneza. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 Tanzania ilikaukiwa fedha za kigeni. Nani angeagiza vipuri vya mashine ya meno? Koleo halikuhitaji hata balbu. Vizazi vizima vijijini vikamjua mganga wa meno kwa kazi hiyo moja. Sukari inayoozesha meno nayo haikuwasubiri: viwanda vya Mtibwa na Kilombero viko mkoani Morogoro humo humo.

Jambo lisilosimuliwa vya kutosha ni kwamba jawabu la kuziba jino bila mashine lilianzia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, mara nyingi bila sindano, kisha kuziba tundu kwa saruji ya meno. Mwaka 1991 majaribio makubwa yakaanza Thailand. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo, na mwaka 2021 likaiingiza saruji ya meno inayotoa floridi, inayotumika katika njia hiyo, kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Njia hiyo ina mpaka wake, hata hivyo. Uozo ukishafika kwenye mshipa wa jino, kukwangua hakusaidii tena. Na anayekuja baada ya miezi ya kuvumilia huwa ameshafika huko, kwa hiyo anang'olewa, akirudi kijijini anasimulia alichofanyiwa.