Mgeni Aliyeleta Mvua: Mwanamke, Uhamaji na Uenyeji katika Mara

Shauri la mjane na shamba la marehemu mumewe linapofika mbele ya wazee wa usharika, mara nyingi husemwa kwamba mwanamke aliyeolewa ni mgeni katika ukoo, na kwamba ndivyo ilivyo tangu asili. Katika makala haya tunakusudia kulipima neno hilo kwa historia ya Mara yenyewe.

Waikizu wa Bunda husimulia kwamba Nyakinywa alihama kutoka Kanadi, Usukumani, akakutana na mwindaji Isamongo. Isamongo alikuwa na moto. Nyakinywa alikuwa na mvua. Walishindana, kisha wakapatana, na mwanamke huyo mhamiaji akawa mtemi wa kwanza. Masimulizi hayo hayatupi tarehe, lakini yanatufunulia fikra za wazee: ugeni wa mwanamke haukumnyima nchi wala mamlaka.

Fikra hubadilika pia kwa wale wanaoondoka. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mugaya, mmoja wa wake 22 wa Chifu Burito. Mwaka 1934 alikwenda kusoma Mwisenge, Musoma, baadaye Tabora, hatimaye Makerere. Huko ugenini, mwaka 1944, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akizitumia hoja za John Stuart Mill kuyapima maisha ya wanawake wa kabila lake. Yaliyokuwa mazoea nyumbani yakawa swali alipokuwa mbali.

Swali hilo lingali hai. Katika baadhi ya jamii za Mara, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa mahari na kuoa msichana ili amzalie watoto wa nyumba yake. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, hivyo muungano huo hauna kinga ya sheria hiyo. Mchungaji anayeikemea desturi hii hana budi kuuliza kwanza ni kwa nini nyumba isiyo na mwana wa kiume huhesabiwa kuwa imekufa.

Ruthu, mgeni wa Moabu na mjane, ametajwa katika ukoo wa Bwana wetu. Basi wazee wetu watakapoletewa tena shauri la shamba, wamkumbuke Ruthu, wamkumbuke na Nyakinywa, kabla ya kumwambia mjane arudi kwao.