Kanzu, Shati na Kilti: Historia ya Vazi na Tatizo la Istilahi

Mfasiri anayekutana na vazi la kiume la Uskoti liitwalo kilti huvutwa upesi na neno "sketi", kwa kuwa jicho huona umbo kabla ya kuona matumizi. Kosa hilo huzaa la pili: nguo inayovaliwa pamoja na kilti huitwa "shati" katika kila karne, kana kwamba haikubadilika kamwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi ya vazi haiwezi kusanifiwa kabla ya kujua lilivaliwaje, wakati gani, na juu ya nini.

Katika karne ya 16, wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti, sawa na jirani zao wa Ayalandi, walivaa nguo ya kitani iliyoitwa kwa Kigaeli léine. Ilikuwa pana, ikishuka hadi magotini au zaidi, na ya wenye uwezo ilitiwa rangi ya manjano, rangi inayotajwa sana kuwa ya zafarani. Mwaka 1538 makarani wa hazina ya Mfalme James wa Tano waliandika gharama za nguo za namna hiyo alizoshonewa mfalme. Walitumia neno la Kiskoti la shati, lakini hawakuacha kuliongezea sifa ya urefu, wala kutaja kwamba ni la Nyanda za Juu. Makarani hao walikwisha kuhisi kwamba jina peke yake halitoshi. Kwa Mswahili, nguo hiyo ni kanzu. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguo ya msingi. Shuka la sufu lilikuwa la kujitanda juu yake.

Kuanzia mwishoni mwa karne hiyo, shuka ndilo lililotwaa ukubwa. Lilirefushwa, likakunjwa marinda, likafungwa kiunoni kwa mkanda, na sehemu ya juu ikatupwa begani. Wenyewe waliliita fèileadh mòr, yaani lile kubwa. Shati likawa nguo ya ndani, ila vita vilipowaka lilitokeza tena. Inasimuliwa kwamba huko Kilsyth, mwaka 1645, askari wa Montrose walivua mashuka yao wakapigana na mashati tu, wakiwa wamefunga pindo katikati ya miguu. Kiswahili hakina haja ya kuazima neno hapa: huko ni kupiga uwinda.

Mapigano mengine, ya mwaka 1544 karibu na Loch Lochy, huitwa kwa Kigaeli Blàr na Léine, Vita vya Mashati. Masimulizi yanasema kwamba joto la Julai liliwalazimisha wapiganaji kuvua nguo za juu. Hata hivyo, wapo wanaoona kwamba jina hilo lilitokana na neno lèana, lenye maana ya uwanda wenye majimaji, na kwamba shati liliingizwa na sikio. Mwanaistilahi na azingatie: mfanano wa sauti si ushahidi wa asili.

Neno kilti lenyewe lilianza kama kitenzi cha Kiskoti chenye maana ya kukunja nguo na kuipandisha, nalo lina ndugu zake katika lugha za Skandinavia. Kitenzi hicho ni sawa na "kupania" kwetu, katika maana yake ya zamani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, sehemu ya chini ya shuka ilitengwa ikawa vazi peke yake, fèileadh beag, yaani lile dogo. Barua iliyochapishwa mwaka 1785 inampa sifa ya ubunifu huo Thomas Rawlinson, Mwingereza aliyekuwa na tanuri la chuma huko Nyanda za Juu. Wapo wanaoipinga kauli hiyo.

Baada ya uasi uliovunjwa Culloden mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume na wavulana, isipokuwa askari wa mfalme. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi 6 bila dhamana. La pili, kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria ilitaja mavazi kwa majina, na shati halikutajwa. David Stewart wa Garth, aliyeandika mwaka 1822, anasimulia kwamba baadhi ya watu walishona kilti katikati ya miguu ili isiwe kilti tena machoni pa sheria. Basi uhuru wa mtu uliweza kutegemea jina la nguo yake. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1782.

Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na Walter Scott ndiye aliyepanga shughuli. Kilti ikawa vazi la heshima. Siku hizi, kwa dhifa za usiku huvaliwa shati jeupe, tai ya kipepeo na koti fupi liitwalo Prince Charlie. Mchana, shati la kola ya kawaida, tai ndefu na koti la Argyll. Kilti hufungwa juu ya nyonga, karibu na kitovu, na shati huchomekewa. Hapo ndipo Mswahili aonywe: kwetu shati huachwa lining'inie juu ya msuli, na kanzu hufunika kikoi. Lile shati la kamba kifuani linalouzwa kama la kale ni mtindo wa siku hizi. Shati la karne ya 18 lilikuwa na mpasuo na kifungo shingoni.

Kwa hiyo yanapendekezwa haya: léine iitwe "kanzu ya kitani"; fèileadh mòr, "shuka la mkanda"; fèileadh beag na vazi la leo, "kilti"; na "shati" libaki kwa nguo inayochomekewa ndani yake. "Sketi" iachwe kabisa. Watu waliofungwa kwa ajili ya vazi lao wanastahili kutajiwa vazi hilo kwa jina lake.